Mwaka wa Kifungua Mkoba

Nilisimama mlangoni, mtoto mgongoni na mwiko mkononi, nikamzuia Mzee Hezroni asitoke nyumbani mwangu. Alikuwa amekwisha kula. Kati ya wenzake wawili aliokuja nao, mmoja alikuwa bado ananawa mikono, na mwingine alikuwa anajichokonoa meno kwa kijiti alichokivunja kwenye ufagio wangu bila kuomba. Kuku waliyemla alikuwa tetea niliyekuwa nasubiri aatamie. Mume wangu, Yotamu, alikaa kwenye kigoda chake akitabasamu kama mtu aliyepewa kitu, kumbe ndiye aliyetoa. Alikuwa amemweleza Mzee Hezroni kwa nini injini ya mashine yake mpya ya kusaga ilikuwa inachemka kama chungu. Alimuuliza tu pipa la maji ya kupoozea limekaa wapi, mzee akajibu kuwa limekaa chini, ubavuni mwa injini. Yotamu akasema, linyanyue mzee, lijengee kichuguu cha matofali likae juu kuliko injini, maji yatajizungusha yenyewe. Basi. Mzee Hezroni akafuta midomo kwa kiganja, akainuka, akasema, "Ahsante, fundi. Mungu atakulipa." Nilikuwa nimeyasikia maneno hayo tangu mavuno, kila mlo, kutoka kila kinywa kilichojaa ugali wangu, na siku ile yalinifika hapa shingoni.

"Mkoba umefunguliwa, mzee," nikamwambia. "Kifungua mkoba kiko wapi?"

Kwa aliyezaliwa juzi nieleze. Kwetu Mbozi mganga hafungui mkoba wake mpaka mgonjwa aweke kitu chini, kuku au jembe au kipande cha nguo, na kitu hicho ndicho kifungua mkoba. Kila mtu alijua, hata sisi tuliobatizwa tukajifanya tumesahau. Sasa mimi, mwanamke wa ndoa ya kanisani, niliyesoma kwa masista wa misheni hadi darasa la kumi na kufundisha watoto kila Jumapili, nilimtamkia mzee wa kanisa neno la waganga, tena ndani ya nyumba yenye msalaba ukutani. Mzee Hezroni alicheka kwanza. Akawageukia wenzake akawauliza kama wamesikia, kumbe fundi wetu siku hizi ni mganga. Nikamjibu, "Mganga huondoka na kuku, baba. Wangu mimi analiwa kuku." Yule mwenye kijiti alicheka kwa pua, akakumbuka yuko na nani, akakirudisha kijiti menoni. Hapo mzee akakunja uso. "Binti yangu, nilipe nini? Maneno mawili? Hata jasho halikumtoka." Akausogeza mwiko wangu kwa vidole viwili, kama mtu anayesogeza tawi lenye siafu, akapita. Yotamu hakuinua macho. Wageni walipofika barabarani ndipo aliponiambia, kwa sauti ya chini kabisa, "Umenivua nguo mbele ya watu, Mama Tabea." Nilikusanya mifupa ya kuku nikaenda kuitupa.

Haya nisingeyaandika kama si msiba. Kiangazi hiki kilichopita nilimzika Yotamu. Nilikaa mkekani kama mjane anavyokaa, nimejifunika kitenge, na mtoto wa Mzee Hezroni, ambaye naye sasa ni mzee mwenye tumbo na mashine za kusaga kuanzia Mlowo hadi Tunduma, akasimama kutoa rambirambi. Alisema marehemu alikuwa mtu wa zamani, wa kweli, aliyekaa pale pale Mlowo miaka yote, mlango wake wazi, na hakuwahi kumdai mtu hata senti kwa maneno yake. Akawageukia vijana waliokuwa wamesimama kwenye kivuli cha nyumba. Akasema mafundi wa siku hizi, wa simu na wa kompyuta, ukimuuliza swali dogo tu anataka kwanza umtumie hela. Watu wakaitikia, kweli, kweli. Halafu vichwa vikageuka upande wangu, kimoja kimoja, kwa sababu wazee wote wa Mlowo wanalijua jina langu lile lingine. Nyuma yangu nilimsikia bibi mmoja akimnong'oneza binti yake, ndiye huyo, Kifungua Mkoba. Nikaona uso wangu unawaka vilevile kama ulivyowaka nilipokuwa mama mwenye mtoto mmoja. Kila kitu changu kimezeeka, magoti, macho, hata hasira, lakini aibu ile bado mbichi. Nilivuta kitenge nikajifunika hadi kidevuni. Watu wakadhani nalia. Nilikuwa natukana kimoyomoyo, Mungu anisamehe, kwa sababu alichosema mtu yule kilikuwa kweli nusu, na nusu iliyobaki, ile ya ulezi ulioachwa mlangoni mwetu, hakuna anayeijua vizuri kuliko mimi, ila mjane hakatizi rambirambi.

Nyumba yetu mwaka ule ilikuwa na vyumba viwili na jiko la nje. Chumba cha mbele ndicho kilichotumaliza. Kilikuwa na meza ambayo Yotamu aliitengeneza kwa mbao za sanduku la vipuri, viti vya kamba, na dirisha lililotazama barabara kuu, hivyo aliyepita na gari bovu alikiona kabla hajaiona nyumba. Yotamu alikuwa ametoka kwenye migodi ya shaba kule Rodesia, ng'ambo ya mpaka, mwaka mmoja kabla Tabea hajazaliwa, na alirudi na vitu viwili, kifua kilichokohoa asubuhi na akili ya injini. Wakati ule wa Mwingereza, mashine zilikuwa zimeanza kutuingilia. Huyu amenunua kinu cha kumenya kahawa, yule pampu, mwingine lori kuukuu la mlowezi aliyehama, na wote walinunua chuma bila kununua anayekijua. Basi walikuja kwetu. Walikuja kutoka Ikinga wakiwa na matope mpaka kwenye magoti, walikuja kutoka Tunduma wakiwa wameshika kitu kilichovunjika ndani ya kitambaa kama mtu aliyebeba jino. Watu wa Ivuna peke yao ndio waliokuja na kitu, donge la chumvi lililofungwa kwenye majani, na hawakulitaja, walilisahau tu mezani wakaondoka. Waliobaki walikuja saa ya chakula. Mimi jikoni nilijua wageni wangapi kwa idadi ya vikohozi vya hodi, nikaongeza maji kwenye majani ya maharage.

Nilimsikia Yotamu zaidi kupitia ukuta kuliko nilivyomsikia ana kwa ana. Alikuwa na namna yake ya kuuliza. Hakusema mashine yako imeharibika nini, alisema, inalia vipi? Na mtu mzima mwenye ndevu, mwenye ng'ombe, angekaa pale chumba cha mbele akiigiza sauti ya injini kwa midomo, pu-pu-pu-khaa, na Yotamu akisikiliza amefumba macho. Halafu angesema neno moja au mawili. Mara nyingi hakwenda hata kuitazama. Mgeni angetoka anakimbia. Sikatai, nilijivunia. Lakini majivuno hayaingii kwenye sufuria, na Tabea nilikuwa namfunika kwa gunia la unga nililolifua mpaka likalainika, na jina la mwenye duka lilikuwa bado linasomeka mgongoni kwake. Wanawake kisimani walikuwa wanalisoma kwa sauti, wakiniuliza huyu mtoto ni ratili ngapi. Nilicheka nao. Nikifika nyumbani nililigeuza gunia upande wa pili.

Nilimwambia Yotamu aombe chochote. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alinieleza kuhusu Mbemba mmoja aliyemfundisha kule migodini, mtu mzima aliyemruhusu asimame nyuma yake wakati msimamizi hayupo, na ambaye angefukuzwa kazi kama angeonekana akimfundisha Mnamwanga kama Yotamu, kibarua wa kubeba mawe. Yotamu alipotaka kumpa blanketi kama shukrani, yule mzee alikataa. "Aliniambia, awe, mukwai, yaani hapana, bwana, neno si unga, halipungui ukilitoa," Yotamu akasema. "Sasa mimi nilipewa bure, nitauzaje?" Nikamwambia neno halipungui, sawa, lakini siku inapungua, kuku wanapungua, miguu yangu ya kwenda kisimani inapungua, na wewe kifua chako kinapungua. Akasema kama angekuwa amewatengenezea kitu kwa mikono angedai. Mikono inalipwa, mdomo haulipwi. Na kweli, akiunga bomba au akinoa jiwe la kusagia walimpa chochote. Lakini kadiri alivyozidi kujua ndivyo mikono yake ilivyozidi kukaa bure, maana mjuzi akishasema mahali pa ugonjwa, mtoto wa mwenye mashine anaweza kukaza nati mwenyewe. Ujuzi wake ulikuwa unakula mshahara wake. Nilimwambia hivyo hivyo. Akasema Kiswahili changu cha shule ni kikali.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo wakati huo sikuliona ingawa lilikuwa linafanyika mbele ya mlango wangu. Kwetu aliyesaidiwa hupika pombe ya ulezi. Aliyelimiwa shamba hupika, aliyejengewa hupika, na aliyefuliwa jembe humpelekea mhunzi kibuyu. Hakuna aliyeita malipo, lakini hakuna aliyethubutu kuacha. Mwanzoni watu wa Mlowo walimfanyia Yotamu hivyo hivyo. Walikuja na vibuyu, tena vikubwa, povu linashuka ubavuni. Lakini sisi tulikuwa watu wa misheni, na baraza la wazee wa kanisa lilikuwa limekataza pombe kabisa, hata kuonja, hata kuipokea. Yotamu alikuwa anawashukuru kwa mikono miwili na kuwaeleza kuwa haruhusiwi. Basi wangefanya nini, wairudishe? Walikaa pale pale chini ya dirisha letu wakainywa wenyewe, wakiimba sifa zake, fundi wa Rodesia, sikio la chuma, mpaka jua likashuka. Mimi nilikuwa ndani namnyonyesha mtoto, nikisikiliza mshahara wa mume wangu ukinywewa. Baada ya hapo wakaacha kupika, maana nani atampikia mtu asiyekunywa? Na mahali pa kibuyu pakaingia Mungu atakulipa.

Sasa niseme kilichofuata baada ya siku ya mwiko. Jumapili iliyofuata nilikwenda kanisani na Tabea, nikakaa na watoto wangu wa kufundisha, na kabla ya mahubiri mzee mmoja akasimama kusoma matangazo. Akatangaza ndoa, akatangaza mkutano wa akina mama, kisha akatangaza kuwa Rabeka, mke wa Yotamu fundi, ametengwa na Meza ya Bwana mpaka atakapoungama, kwa kosa la kudai ada ya kiganga nyumbani kwake. Alitaja jina langu kwa sauti ileile aliyotangazia bei ya vitabu vya nyimbo. Mzee Hezroni alikuwa amekaa mbele, mgongo umenyooka. Nilitakiwa niondoke mahali pangu nikakae kwenye benchi la waliotengwa, lililokuwa nyuma kabisa karibu na mlango. Kutoka mbele hadi nyuma hakukuwa mbali, lakini niulize mimi. Watoto niliowafundisha walinitazama nikipita, na mmoja, mwenye heshima zake, akanipisha akasema shikamoo mwalimu. Salamu ile ilinichoma kuliko tangazo. Yotamu alibaki mahali pake upande wa wanaume. Sikumlaumu kwa kukaa. Nilimlaumu kwa kuimba. Wimbo ulipoanza aliimba kwa sauti yake yote, kama mtu anayetaka watu wasikie kuwa yeye bado yumo.

Benchi la nyuma lilikuwa na mwanamume aliyeoa mke wa pili, binti aliyekuwa na ujauzito na akitazama mikono yake tu, na Mzee Simkoko, mhunzi, ambaye alikuwa amekaa pale kwa muda mrefu hata akajiletea kipande cha ngozi cha kukalia. Alijisogeza kunipa nafasi. Wakati wa sala ndefu aliniinamia akaniuliza kosa langu, nikamwambia nilidai. Akatikisa kichwa akitabasamu. "Mimi nilipokea," akasema. "Nilimfulia mtu jembe, akaniletea kibuyu, nikanywa. Basi sisi wawili kesi yetu ni moja, ila mimi nilishiba." Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na kwa kuwa tulikuwa kanisani sikufanya lolote. Lakini neno lake lilikaa. Nilikuwa nimekwisha kusoma jiografia ya Uingereza, makaa ya mawe na viwanda vyote, na nilikuwa sijawahi kujiuliza swali rahisi hivyo: kibuyu kile kilikuwa kinafanya kazi gani, na aliyekiondoa aliweka nini mahali pake?

Mashine ya Mzee Hezroni ilikuwa sasa inafanya kazi kutwa. Ilisikika nyumbani kwetu, pu-pu-pu, safi, bila kikohozi. Wanawake walikuja kutoka vijiji vya milimani na mahindi yao, wakaacha vinu vyao vya kutwangia. Na mimi pia nilikwenda, kwa sababu nilikuwa na mtoto mgongoni na mikono yangu ilikuwa na malengelenge. Nilipanga foleni kwenye vumbi la unga. Ukutani mwa kibanda niliona lile pipa, limepandishwa juu ya matofali mapya, lina mabomba mawili, na maji yanajizungusha yenyewe kama Yotamu alivyosema. Wanawake walikuwa wanaliita pipa la Hezroni. Nilipofika mbele nilimwambia mzee kuwa sina cha kulipia leo, nikamwomba anisagie, kwani anajua tulivyosaidiana. Nilisema kwa upole, nikamwita baba. Alinitazama muda mrefu, injini peke yake ndiyo iliyokuwa inasema. Halafu akasema kwa sauti ya huruma, na huruma ile ndiyo siwezi kuisahau, "Mama Tabea, mashine inakunywa dizeli. Dizeli hainunuliwi kwa ahsante." Mtu mmoja akaguna. Nilijitwika mahindi yangu yaleyale, mazima, nikapita katikati yao. Kitenge changu kilikuwa kimechanika chini, na nilijua wote wanakitazama. Gunia la Tabea lilikuwa limegeuka, maandishi nje. Nilifika nyumbani nikatwanga kwa kinu mpaka malengelenge yakapasuka, na Yotamu alipouliza kwa nini, nikamwambia napenda.

Nimefikiri sana kuhusu siku ile, na wakati mwingine naona mzee yule alikuwa na haki. Dizeli hainunuliwi kwa ahsante kweli. Chuma kilikuwa na bei na mafuta yalikuwa na bei, kila mtu aliziona kwa macho. Kilichokuwa hakionekani ni miaka ya Yotamu shimoni, vumbi lililomwingia kifuani, na hofu ya yule Mbemba akitazama nyuma kama msimamizi anakuja. Vyote hivyo vilikuwa vimebanwa ndani ya neno moja, linyanyue. Ukilitoa kwa urahisi watu hudhani lilikuwa rahisi. Lakini naelewa pia, sasa, kwa nini Yotamu hakuweza kuliwekea bei. Kila alipofungua mdomo alikuwa anamlipa yule mzee wa migodini. Mimi nilikuwa natwanga mahindi katikati ya madeni mawili ambayo hakuna hata moja lililokuwa langu.

Kisha msimu wa kodi ukafika. Kodi ya kichwa haikulipwa kwa unga wala kwa sifa, ilitaka fedha, na asiyekuwa nayo alifuatwa na tarishi wa Mwene, chifu wetu, akapelekwa kuvunja mawe barabarani mbele ya watu wote. Nilikuwa naanika maharage nyuma ya nyumba nilipomsikia Yotamu akiongea na mtu chumba cha mbele. Alikuwa mwandikishaji wa vibarua, mwenye kofia, aliyepita vijijini kutafuta wanaume wa migodini. Alimwambia Yotamu kuwa lori litaondoka Tunduma Jumatatu, kwamba atalipiwa kodi yake mapema na kukatwa polepole. Yotamu akauliza kama kazi itakuwa ya juu au ya shimoni. Mtu yule akasema ya juu imejaa. Halafu nikamsikia mume wangu akikohoa, akisema sawa. Nilibaki nimeshika ungo. Mgodini walikuwa na madaktari waliopima vifua, lakini mwandikishaji huyu, nilimsikia kwa masikio yangu, alimfundisha namna ya kubana pumzi. Ushauri huo alimpa bure.

Jioni nilimsihi. Nilimwambia kifua chako hakitarudi. Aliniuliza kama nina njia nyingine, na hakuuliza kwa kejeli, aliuliza kama anavyouliza injini inalia vipi. Sikuwa nayo. Alianza kukunja blanketi lake, kisha akalikunjua akamfunika Tabea, akalitoa tena, maana huko aendako ni baridi. Tangu siku ya mwiko tulikuwa tunaongea mambo ya chumvi na kuni tu. Alikuwa ananionea haya na mimi namwonea haya, kila mmoja akiogopa kumtazama mwenzake kama watu waliokutana uchi mtoni. Kabla hajalala akaniambia niende nikaungame Jumamosi, baraza litakaa, nirudishiwe watoto wangu wa Jumapili, angalau aniache nikiwa na heshima kanisani. Nikasema nitakwenda.

Baraza lilikaa ndani ya darasa la shule, kwenye madawati ya watoto, magoti ya wazee yamebanwa chini ya mbao. Mchungaji alikaa kwenye meza ya mwalimu, karani kando yake na kalamu, Mzee Hezroni upande wa dirisha. Yotamu aliambiwa asubiri nje, nikamwona kupitia mlangoni amechuchumaa kwenye majani. Mchungaji alikuwa mtu mwema, alinipa kiti kwa sababu ya mtoto. Akasema, mwanangu, tumekuja kukusikia, sema tu kwamba ulikosa kutumia neno la waganga, tuombe, twende nyumbani. Nilisimama. Nilikuwa nimejiandaa kusema hivyo hivyo, naapa. Nilikuwa nimelirudia njiani. Nikasema neno la waganga lilinitoka kwa hasira, na kwa neno hilo naomba radhi. Karani akaandika. Mzee Hezroni akashusha pumzi, akaanza kuinuka. Uso wangu ulikuwa unawaka mpaka masikioni, machozi yalikuwa yanashuka bila ruhusa yangu, na Tabea alikuwa ameanza kunivuta shingo. Nikasikia sauti yangu ikisema kuwa sijamaliza, na kwamba nina malalamiko, na kwamba nataka yaandikwe.

Karani akamtazama Mchungaji. Mzee mmoja akasema mwanamke hamshtaki mzee wa kanisa. Nikasema simshtaki Mzee Hezroni, akae bila wasiwasi, yeye alifanya kama wengine wote. Mchungaji akauliza basi unamshtaki nani. Nikamwambia. Nikasikia Yotamu nje akikohoa, kisha Mchungaji akamwambia karani, "Andika anavyosema." Nilisema polepole ili anifuate, kwa Kiswahili kile kikali cha shule, na yakaandikwa hivi:

Mimi, Rabeka Namwinga, mke wa ndoa wa Yotamu fundi wa Mlowo, nalalamika mbele ya Mchungaji dhidi ya baraza hili la wazee. Baraza lilikataza pombe, na sipingi katazo hilo. Lakini katika nchi yetu kibuyu kilikuwa ndiyo ahsante yenye uzito, alichopewa mtu kwa kazi yake na kwa akili yake. Baraza lilikiondoa kibuyu kwa Wakristo lisiweke kitu mahali pake, kwa hiyo fundi Mkristo amekuwa mtu wa kuulizwa na kila mtu na kutopewa kitu na yeyote. Mume wangu hatadai, namfahamu, na sitaki adai. Simwombei fedha. Naomba itangazwe kanisani, kwa sauti ileile lililotangaziwa jina langu, kwamba kila anayekwenda kuuliza neno la mashine abebe ule ulezi ambao baba yake angeupikia pombe, aulete mkavu, kabla haujawa pombe, auache mlangoni asiseme kitu. Ulezi tutakula, na utakaozidi utauzwa sokoni kulipia kodi. Na kwa kuwa lori la migodini linaondoka Tunduma Jumatatu, naomba baraza lisilichukue jambo hili kwenda kuliombea, bali litangazwe kesho.